Askari wa mwili na milango ya moyo

Hotuba kwa walimu, wazazi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mwalimu Mkuu na walimu wote, wazazi wenzangu, na ninyi wahudumu wa afya ngazi ya jamii mliotoka makwenu alfajiri ili kuwahi kikao hiki, ninawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusimama mbele yenu. Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie kinga ya mwili na afya ya moyo, na ninahisi kwamba wapo miongoni mwenu wanaotarajia niwatajie majani, mbegu au unga wa kuongeza kinga. Naomba radhi mapema, kwa kuwa sikuja nayo. Mtoto ninayetaka kumzungumzia leo hakupungukiwa na kinga hata kidogo. Kinga yake ilikuwa kali, ilikuwa na kumbukumbu nzuri, na ndiyo iliyomharibu moyo.

Mtoto huyo hana jina moja, kwa sababu kila anayetibu magonjwa ya moyo katika ukanda wetu humpokea mara kwa mara. Ana miaka 12 au 13, hupumzika mara mbili kabla ya kumaliza kilima cha kwenda shuleni, usiku hulala ameegemea mito kwa sababu akilala chali pumzi humkatika, na miguu yake imeanza kuvimba. Majirani wamekwisha kusema kwamba moyo umepanuka. Mama akiulizwa kama mwanawe aliwahi kuugua moyo, hujibu kwamba hapana, na hasemi uongo. Ni baada ya maswali mengi ndipo hukumbuka kwamba miaka kadhaa nyuma mtoto aliumwa koo kwa siku chache, likapona lenyewe, na wiki mbili au tatu baadaye magoti yakavimba, kisha vifundo vya miguu, kisha viwiko, kila kiungo kwa zamu yake, mpaka bibi akasema ni baridi yabisi, akamkanda kwa maji ya moto. Hapo ndipo mama huuliza swali ninalotaka kulijibu leo: koo na moyo vina uhusiano gani?

Ili kulijibu, inabidi kwanza tuwafahamu hao tunaowaita askari wa mwili. Mwaka 1882, mjini Messina katika kisiwa cha Sicilia, mwanasayansi wa Kirusi aitwaye Ilya Metchnikoff alichukua miiba ya waridi akaichoma ndani ya kiluwiluwi cha kiti cha pweza, kiumbe ambacho watoto wa pwani yetu hukiokota maji yanapokupwa bila kujua kwamba kimewahi kutoa somo kubwa la tiba. Kiluwiluwi hicho ni angavu, kiasi kwamba ukikitazama kwa hadubini unaona yanayotendeka ndani. Kesho yake asubuhi alikuta seli zimeuzunguka mwiba na kujaribu kuumeza. Seli za namna hiyo tunazo sisi pia, nazo kubwa zaidi miongoni mwake huitwa makrofaji, yaani walaji wakubwa. Kwa kazi yake juu ya kinga Metchnikoff alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba askari hawa huzunguka katika damu na kusubiri kuitwa penye jeraha. Hiyo ni nusu ya habari. Wengi wao ni wakazi wa kudumu: ini lina wake, ubongo una wake, mapafu yana wake ambao kazi yao ya kila siku ni kumeza vumbi na masizi ya kuni tunayovuta jikoni. Baadhi ya wakazi hao huingia katika viungo kabla mtoto hajazaliwa na huendelea kuzaliana humo humo. Moyo nao una wakazi wake. Mwaka 2017 watafiti wa Boston, nchini Marekani, walionyesha kwamba makrofaji hujishikiza kwenye seli zinazopitisha umeme kutoka vyumba vya juu vya moyo kwenda vyumba vya chini, na kwamba panya walioondolewa makrofaji hao umeme wa mioyo yao ulianza kukwama njiani. Kwa hiyo kila pigo la moyo mnalolisikia usiku mkiwa mmelalia ubavu wa kushoto, seli za kinga zina mkono wake humo.

Hawa wakazi pamoja na wenzao wanaotoka kwenye uboho na bandama ndio wanaofanya usafi na ukarabati. Misuli ya moyo inapokosa damu na sehemu yake kufa, kundi la kwanza hufika kubomoa na kuondoa kilichokufa, kisha hufuata kundi linalojenga kovu. Wabomoaji wakikawia kuondoka, kovu huwa bovu na moyo hulegea. Wasipofika kabisa, ukuta uliokufa hausafishwi. Tayari mnaona kwamba suala la kinga ni pana kuliko kuwa nayo nyingi au kidogo. Kilicho muhimu ni nani anakuja, anakuja lini, anamlenga nani, na anaondoka saa ngapi.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Yule aliyemshambulia kooni ni bakteria aitwaye streptokoki wa kundi A, ambaye huwapenda zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15 na huenea kwa urahisi penye msongamano, kama vile darasa lenye wanafunzi wengi au chumba kimoja wanamolala ndugu sita. Juu ya ngozi yake bakteria huyu amevaa protini ndefu iliyosokotwa kama kamba ya usumba, nyuzi mbili zikizungukana. Ndani ya misuli ya moyo wetu zimo protini zilizosokotwa kwa namna inayofanana nayo sana, na katika sukari za ganda lake pia kuna kipande kinachofanana na kilichomo kwenye tishu zetu. Hapa mfano wa askari unaanza kutupotosha, na ni vizuri niseme wazi. Askari wa kweli anajua jina la nchi yake na rangi ya bendera yake, lakini seli ya kinga haijui jina la mtu yeyote. Inajua umbo tu. Ikifundishwa kwamba umbo fulani ni adui, italiandama popote itakapolikuta.

Kwa watoto walio wengi mafunzo hayo huisha salama. Lakini kwa wachache, wasiozidi watatu katika kila mia ya wale ambao koo la streptokoki halikutibiwa, na hasa wenye maumbile ya kurithi yanayowaelekeza huko, kingamwili, yaani protini ambazo kinga huzitengeneza dhidi ya bakteria, hunasa kwenye utando laini unaofunika milango ya moyo. Utando huo ukishachokozwa hutoa vinasio vinavyowashika wapita njia, na seli za T, ambazo ndizo makamanda wa vita vya kinga, hupenya na kuingia ndani ya mlango ambao kwa kawaida hauna hata mishipa ya damu. Mwaka 1995 watafiti wa São Paulo, nchini Brazili, walichapisha kazi waliyoifanya kwa vipande vya milango ya moyo vilivyotolewa katika upasuaji: seli za T walizozikuta humo ziliweza kuitambua protini ya streptokoki na pia protini za moyo wenyewe. Seli zile zile, kwa macho yale yale. Sijui kama kuna jibu fupi zaidi kwa swali la yule mama.

Milango hiyo ni minne, na unaoumia zaidi ni ule wa kushoto uitwao mitrali, unaotenganisha chumba cha juu kinachopokea damu kutoka mapafuni na chumba cha chini kinachoisukuma mwilini. Mlango huu hufunguka na kufungika takriban mara 100,000 kwa siku. Mwanzoni huvimba na kuvuja. Kadiri mashambulizi yanavyorudi, kila koo jipya likiwakumbusha askari somo lile lile, makovu hujijenga, kingo za mlango hugandana, na uwazi ambao kwa mtu mzima mwenye afya huwa sentimita za mraba 4 hadi 6 hupungua hata kufikia chini ya 1.5, ukafanana na mdomo wa samaki. Damu isipopita hurudi nyuma mapafuni, na ndiyo maana mtoto hawezi kulala chali.

Jina la ugonjwa huu, homa ya baridi yabisi, limetuletea hasara kubwa, kwani limewafanya watu waamini kwamba chanzo chake ni kulala sakafuni au kuoga maji ya baridi. Baridi haina hatia hapa. Na maumivu ya viungo, ambayo ndiyo yanayowatisha wazazi, huisha yenyewe bila kuacha alama, jambo linalowapa watu faraja ya uongo. Madaktari wa Ufaransa wa karne ya 19 walikuwa na msemo kwamba ugonjwa huu hulamba viungo lakini huuma moyo, nami sijapata msemo ulio sahihi zaidi.

Walimu, naomba mnisikilize zaidi katika hili, kwa sababu lipo darasani kwenu. Kingamwili hizo hizo zinaweza kunasa kwenye sehemu ya ubongo inayoratibu mienendo ya mwili. Mtoto, mara nyingi wa kike, huanza kuangusha kalamu, mwandiko wake unaharibika ndani ya wiki chache, mikono inacheza bila yeye kutaka, uso unakunjamana kama anayekebehi, na anaweza kucheka au kulia pasipo sababu. Nimewaona watoto waliochapwa kwa utovu wa nidhamu, na wengine waliopelekwa kupungwa majini, kabla mtu yeyote hajaweka stetoskopu kifuani mwao. Huyo anahitaji kupimwa moyo wiki hiyo hiyo.

Figo nazo haziko mbali na mkasa huu, ingawa njia yake ni tofauti. Baada ya koo, au baada ya vidonda na upele wa ngozi wenye streptokoki, mabonge madogo ya kingamwili zilizoshikana na vipande vya bakteria huweza kukwama kwenye vichujio vya figo, na askari wakaja kuyashambulia pale pale yalipokwama. Mtoto huamka uso umevimba na mkojo una rangi ya chai ya rangi. Wengi wao hupona, tofauti na moyo, lakini wapelekeni.

Mtaniuliza: ikiwa tatizo ni askari waliopotea shabaha, mbona tusiwanyang'anye silaha? Dawa za kutuliza kinga zipo, na zimejaribiwa kwa uaminifu. Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa juu ya kifua kikuu cha utando unaofunika moyo, ulioongozwa na marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town na kuwahusisha wagonjwa 1,400 katika nchi nane za Afrika. Nusu walipewa predinisoloni, dawa ya kutuliza kinga, juu ya matibabu yao ya kawaida. Dawa hiyo ilipunguza tatizo la utando kukakamaa na kuubana moyo, lakini haikupunguza vifo, na kwa wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI iliongeza saratani. Miaka mitatu baadaye, utafiti mwingine wa wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo ulionyesha kwamba kuzuia ishara moja tu ya kinga, bila kugusa mafuta ya damu, kulipunguza mashambulizi mapya kwa asilimia 15. Ulikuwa ushahidi mzito kwamba mishipa ya moyo huziba kwa kazi ya makrofaji waliovimbiwa mafuta ukutani, na kwamba mafuta peke yake hayatoshi kueleza. Hata hivyo waliopewa dawa hiyo walikufa zaidi kwa maambukizi. Ukimpunguzia askari macho asikuone wewe, huenda asimwone mwizi pia.

Jambo hili linawagusa kwa namna ya pekee ndugu zetu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambao kinga yao hubaki imewashwa mfululizo hata virusi vinapokuwa havionekani katika kipimo, na ambao hatari yao ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ni karibu mara mbili ya watu wengine. Mwaka 2023 utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa, Uganda ikiwamo, ulionyesha kwamba dawa ya kundi la statini, yaani dawa za kupunguza mafuta ya damu, iliwapunguzia matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35. Mwenye kadi ya kliniki na aulize habari hiyo kliniki. Mimi nirudi kwa watoto.

Kwa homa ya baridi yabisi tunayo njia nyingine, nayo ina umri mkubwa kuliko wengi wetu humu. Tunamwondoa mchokozi kabla somo halijakamilika. Mwaka 1950 madaktari waliokuwa wakiwatibu wanajeshi katika kambi ya anga ya Warren, Wyoming, nchini Marekani, waliripoti kwamba penisilini iliyotolewa mapema kwa wenye koo la streptokoki iliizuia homa hiyo karibu yote. Penisilini haimgusi askari hata mmoja. Inaua bakteria, na bakteria wakiondoka mapema, kinga haifiki kiwango cha kukosea. Muda uliopo ni mpana kuliko watu wanavyodhani: matibabu yakianza ndani ya siku 9 tangu koo kuanza kuuma, bado yanaulinda moyo. Sindano moja ya penisilini ya benzathini inatosha, au vidonge kwa siku 10 kamili, na ninasisitiza neno kamili kwa kuwa koo huacha kuuma siku ya tatu na hapo ndipo vidonge hubaki kabatini.

Si kila koo ni la streptokoki. Mengi ni ya virusi, na kumpa dawa kila mwenye mafua ni kuharibu dawa. Mtoto mwenye homa, mafindofindo yaliyovimba na yenye utando mweupe, na tezi zinazouma chini ya taya, lakini asiye na kikohozi wala kamasi, huyo apelekwe zahanati siku hiyo. Asipelekwe kukatwa kimeo. Najua kwamba katika baadhi ya kaya zetu jambo hilo bado linafanyika, na ninalisema bila dharau kwa wazee: kukata kimeo hakuwaondoi bakteria kooni, kinachobaki ni kidonda, damu na wembe uliotumika kwa watoto wangapi.

Na aliyekwisha kuumia? Hapa ninayo habari iliyotoka jirani. Kaskazini mwa Uganda, watafiti wa Taasisi ya Moyo ya Uganda na wenzao wa Marekani, wakiongozwa na Emmy Okello na Andrea Beaton, waliwapima watoto zaidi ya 100,000 kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ili kuwapata wale ambao milango ya moyo imeanza kuharibika bila dalili yoyote. Kati yao 818 waliingia katika utafiti: nusu walichomwa penisilini kila baada ya wiki nne, nusu walifuatiliwa bila sindano. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa watoto 33 wasiochomwa, na kwa 3 tu waliochomwa. Sindano haikunyoosha kovu lolote. Ilichofanya ni kuwanyima askari sababu ya kurudi vitani, na mlango ukapata muda wa kutulia.

Mkilinganisha na upasuaji, mtaona kwa nini ninaing'ang'ania sindano. Upasuaji wa kubadilisha mlango wa moyo unafanyika hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, na umeokoa wengi. Lakini mwenye mlango wa chuma humeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara, na kwa msichana dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni atakapobeba mimba. Mimba yenyewe huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, mzigo ambao mlango uliobana hauwezi kuupitisha. Wapo wanawake wanaojua kwa mara ya kwanza kwamba wana ugonjwa wa moyo wakiwa na mimba ya miezi sita, wakati ambapo kila uamuzi ni mgumu.

Kwa hiyo ombi langu kwa shule hii ni dogo na ni la kiutendaji. Sindano hiyo inauma, hilo nisiwadanganye, ingawa mhudumu akiichanganya na dawa ya ganzi maumivu hupungua sana. Na huendelea kwa miaka mingi, mara nyingi hadi mtoto awe mtu mzima. Watoto huiacha kwa sababu nauli imekosekana, kwa sababu duka la dawa halinayo, au kwa sababu siku ya sindano imegongana na mtihani. Siku 28 ni wiki nne kamili, maana yake aliyechomwa Jumanne atachomwa Jumanne daima. Mwalimu Mkuu, ninaomba safu moja tu katika daftari la mahudhurio, yenye alama ya Jumanne hiyo, ili mwalimu wa darasa amruhusu mtoto bila kumhoji mbele ya wenzake, na mhudumu wa afya wa mtaa apite jioni kuuliza kama alikwenda.

Nimeleta kadi thelathini za mfano za kufuatilia sindano hizo, ziko mezani kwa katibu. Sasa ninapokea maswali, na ningependa waanze wahudumu wa afya, kwa kuwa wao ndio watakaozijaza.